Kufuata Mteremko: Safari ya Maji kutoka Gikomba hadi Ruai

Maeneo ya mashariki ya jiji la Nairobi, yanayojulikana kwa jumla kama Eastlands, yako upande wa chini wa ardhi iliyoinama kutoka magharibi kuelekea mashariki, na mwinamo huo, ambao mpita njia huutambua kwa nadra kwa kuwa majengo na mabati huuficha, ndio unaoamua maji ya mvua yaende wapi, majitaka yapitie wapi, na mzigo wa jiji zima uishie mlangoni pa nani. Safari inayoelezwa katika makala haya inaufuata mteremko huo, kwa miguu na kwa matatu, kuanzia soko la Gikomba, kupitia Mathare, Korogocho, Dandora, Kayole na Njiru, hadi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai. Njia yake imechaguliwa na maji yenyewe, na kazi ya msafiri ni kuuliza, kila anapofika, kwa nini maji yalipita hapo na si kwingineko.

Sababu ya kwanza iko mbali na Gikomba. Bonde la Ufa lilipokuwa likijiunda, mamilioni ya miaka iliyopita, volkeno za kandokando yake zilimwaga lava na majivu tabaka juu ya tabaka, na sehemu ya lava hiyo ikatiririka kuelekea mashariki hadi kwenye tambarare za Athi, ikapoa na kuwa mwamba mgumu ambao mafundi wa Nairobi huukuta leo wanapochimba misingi ya nyumba. Kwa hiyo mito ya Eastlands inapita juu ya mgongo wa kitu ambacho nacho kiliwahi kutiririka, kikifuata mteremko ulio karibu sawa na wa leo. Kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ambacho ndicho chanzo cha Mto Nairobi, kiko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Stesheni ya reli katikati ya jiji iko takribani mita 1,660. Nayo Ruai iko takribani mita 1,500. Jina la jiji limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na mtu anayesimama kwenye daraja la Gikomba na kuyatazama maji meusi yanayopita chini yake hawezi kulikumbuka jina hilo bila uchungu.

Husemwa kwamba maji hufuata mkondo, na usemi huo ni wa kweli, ingawa hauelezi ni nini kinachoyapeleka huko. Kinachoyapeleka ni nguvu ya mvutano, yaani nguvu ambayo kila kitu chenye tungamo, yaani kiasi fulani cha maada ndani yake, hukivutia kitu kingine upande wake. Isaac Newton alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba nguvu hiyo huongezeka kadiri tungamo linavyokuwa kubwa, na kwamba hupungua kadiri umbali kati ya vitu viwili unavyoongezeka. Na kwa kuwa dunia ndicho kitu kikubwa kuliko vyote vilivyo karibu, mvutano wake huishinda mivutano mingine yote inayoyagusa maji ya mtoni. Lita moja ya maji, yenye tungamo la kilo moja, huvutwa mjini Nairobi kwa nguvu ya takribani nyutoni 9.78, kiasi kilicho pungufu kidogo kuliko cha London, kwa sababu Nairobi iko karibu na Ikweta, ambako dunia imetuna na huzunguka kwa kasi zaidi, na kwa sababu jiji lenyewe liko juu sana kuliko bahari.

Hata hivyo, mvutano hauyavuti maji kuelekea Dandora. Huyavuta wima, kuelekea kitovu cha dunia, mchana na usiku, kwa nguvu ileile katika mto unaoporomoka na katika ndoo iliyotulia. Ardhi iliyo chini ya maji ndiyo inayoyazuia yasiendelee kuzama, nayo huyasukuma kwa pembe mraba kutoka kwenye uso wake. Uso huo ukiwa tambarare kabisa, msukumo wa ardhi na mvutano wa dunia hulingana na maji hukaa, lakini uso huo ukiinama, nguvu hizo mbili haziwezi tena kufutana zote, na kinachobaki ni nguvu ndogo inayoelekea chini ya mteremko. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 100, masalio hayo ni takribani sehemu moja ya mia ya uzito wa maji. Kwa jiwe, nguvu ndogo kiasi hicho si kitu, kwa maana msuguano kati ya jiwe na ardhi huikabili na kuishinda, na jiwe hubaki lilipo miaka nenda miaka rudi. Maji hayana msuguano wa namna hiyo wa kuyashika yakiwa yametulia. Kimiminika, kwa maana yake ya kisayansi, ni maada isiyoweza kustahimili nguvu ya kuipeleka kando hata ikiwa ndogo kiasi gani. Hukubali, huteleza tabaka juu ya tabaka, na huendelea kuteleza mpaka uso wake uwe sawa au mpaka kitu kigumu kikizuie.

Jambo hilo huonekana waziwazi katika vichochoro vya Majengo, Pumwani, hatua chache kutoka Gikomba, wakati beseni la maji ya kufulia linapomwagwa nje ya mlango. Maji hutanda kwanza juu ya udongo ulioshindiliwa na nyayo, yakiwa na ukingo wa mviringo unaong'aa, kana kwamba yamefungwa ndani ya ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ipo kweli kwa namna yake, kwani chembe za maji zilizo juu huvutana zenyewe kwa zenyewe na kuukaza uso. Kwa muda mfupi hayajui pa kwenda. Kisha mahali pamoja kwenye ukingo, ambapo udongo umeshuka kwa unene wa ukucha tu, uzito wa maji hushinda ule mkazo, ulimi mwembamba wenye povu hutoka, hupita chini ya kizingiti cha jirani, hugusa tofali, huzunguka, na ndani ya nusu dakika umeingia mtaroni. Fundi mwenye kipimamaji, kile kipande cha chuma au plastiki chenye kiputo cha hewa ndani ya mrija wa kioo, asingeweza kuonyesha mteremko wa kichochoro hicho kwa uaminifu zaidi.

Mto wenyewe, unapofika Gikomba, umekwisha kupoteza haraka ya milimani. Inafaa kupiga hesabu hapa. Kama maji yangeshuka mita 160 zilizopo kati ya stesheni ya reli na Ruai bila kusuguana na chochote, yangefika Ruai yakienda kwa mwendo wa takribani kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo hakuna daraja lingeistahimili. Kwa kweli, siku isiyo na mvua, maji ya Mto Nairobi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mara nyingi polepole zaidi. Nishati iliyokuwa ndani yake kwa sababu ya kuwa juu, ambayo wanafizikia huiita nishati tuli, haikupotea; imegeuka kuwa mwendo kwa kiasi kidogo, na sehemu kubwa imeliwa na msuguano wa kingo, mawe, mizizi, na vizingia vya maji yenyewe, ikawa joto. Joto hilo ni dogo mno: kuporomoka kwa mita 160 hupandisha halijoto ya maji kwa chini ya nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Sehemu nyingine hutumika kubeba. Kwenye mpindo wa mto nyuma ya vibanda vya mitumba, maji yamepanga mizigo yake kwa ustadi wa muuza nafaka: upande wa nje wa mpindo, ambako mwendo ni mkali, pamebaki mawe na vipande vya matofali pekee, upande wa ndani, ambako mwendo hulegea, kuna mchanga mweusi, na juu ya mchanga huo, panapokaribia kutulia kabisa, pamelala matope laini, nyuzi za nguo zilizokatwa, kandambili moja, na karatasi za plastiki zilizokunjamana kama majani makavu. Kila kitu kimeachwa mahali ambapo nguvu ya kukibeba iliisha.

Kwa mwendo huu wa polepole, mto unapita katika nchi ambayo wakazi wake hawakuichagua kwa hiari kamili. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na kuweka kambi kwenye uwanda wenye majimaji chini ya vilima, kwa sababu hapo ndipo mahali tambarare pa mwisho kabla ya mpando wa kuelekea Bonde la Ufa, na injini za wakati huo zilihitaji pa kupumzikia. Wazungu walijenga makao yao magharibi na kaskazini, juu ya vilima vyenye udongo mwekundu unaonyonya maji vizuri. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, W. J. Simpson, aliyeletwa kuchunguza magonjwa ya mjini, alipendekeza watu watengwe kwa rangi zao kwa kisingizio cha usafi. Pumwani ilianzishwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, na baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na Makongeni, na Mpango Mkuu wa mwaka 1948 ukaendeleza ramani hiyohiyo kwa kuweka mitaa ya wafanyakazi upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Upande huo wa jiji udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto ukaingia ndani ya nyufa, na unaovimba masika ukawa hauruhusu tone kupenya. Mvutano wa dunia hauna ubaguzi. Uamuzi wa nani akae chini ya mteremko na nani juu yake ulifanywa na watu, katika ofisi, kwa kalamu na ramani, na athari yake bado inasomeka kila mvua inaponyesha.

Mathare inaonyesha athari hiyo kwa ukali kuliko mahali pengine popote kwenye safari hii. Bonde la Mathare ni jembamba na lenye kuta, sehemu yake ikiwa ni machimbo ya zamani yaliyotoa mawe ya kujengea jiji, na mto mwingine unaopita ndani yake, Mto Mathare, unashuka kutoka upande wa magharibi, ukipita Muthaiga, mtaa wenye bustani kubwa, kabla ya kuingia katikati ya nyumba za mabati. Nyumba ya kawaida ya bonde hilo ni chumba cha futi 10 kwa futi 10. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 huwa ni lita 1 ya maji, na kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya Aprili, huangusha juu ya paa la chumba hicho takribani lita 280, yaani mitungi 14 ya lita 20. Bati halinyonyi chochote. Mitungi hiyo 14 huteremka kwenye kichochoro kisichozidi upana wa mabega mawili, pamoja na mitungi 14 ya paa la jirani, na ya jirani wa jirani, na yote hufika mtoni karibu wakati mmoja. Juu zaidi, huko Westlands na Parklands, bustani na mashamba ambayo zamani yalinyonya mvua hiyo yamegeuzwa kuwa lami, vigae na maegesho ya magari, hivyo maji ambayo yangechukua siku nzima kupenya ardhini sasa hufika bondeni ndani ya muda mfupi.

Kuna jambo la pili linaloifanya gharika iwe hatari zaidi ya wingi wake. Mto ukiwa na kina kidogo, karibu maji yote hugusa sakafu na kingo na kucheleweshwa na msuguano. Kina kikiongezeka, sehemu inayogusa huwa ndogo ikilinganishwa na maji yote, kwa hiyo mto uliojaa huenda mbio zaidi ingawa mteremko haukubadilika hata kidogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya maji ya kukisukuma kitu kilichosimama mbele yake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuvuka mto wa Mathare kwa kukanyaga mawe, akijua kila jiwe, anaweza kuangushwa na maji yanayomfika magotini tu. Katika masika ya mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika usiku, na mitaa ya Mathare na Mukuru ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Nchini kote watu zaidi ya 200 walifariki katika msimu huo wa mafuriko. Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, kisha tingatinga zikaingia. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamekwisha kupoteza kila kitu kwa maji, na wakapoteza kwa chuma hata kile kiwanja cha kujengea upya. Hatari ya kukaa mtoni ilikuwa ya kweli, na sayansi ya mteremko haiwezi kuikanusha; lakini kumhamisha mtu wa chini bila kumwonyesha pa kwenda, huku lami ya juu ikiachwa iendelee kutanuka, ni kuitibu nusu ya mto.

Kutoka Mathare maji huenda Korogocho na Dandora, na hapo Mto Mathare hujiunga na Mto Nairobi. Pembeni mwa makutano hayo kuna jaa kuu la takataka la Dandora, lililoanza kama shimo la machimbo na ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayajaacha kupanda juu yake. Mvua inayonyesha juu ya mlima huo wa taka hupenya ndani yake, huyeyusha kila kinachoyeyuka, na kutoka chini yake ikiwa mchuzi mweusi unaoufuata mwinamo kuelekea mtoni. Msafiri hukaa hapo muda mfupi, kwa sababu ya moshi.

Dandora yenyewe, tofauti na jaa hilo, ilipangwa. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa utaratibu ambao kila mwenye ploti alikabidhiwa kiwanja kilichokwisha kuwekewa choo, bafu, maji na bomba la majitaka, kisha yeye mwenyewe akajenga vyumba kadiri alivyoweza. Bomba, basi, lilitangulia nyumba. Katika ujenzi wa mtaa hilo ni jambo la hekima, kwa maana bomba la majitaka hutawaliwa na mvutano kuliko kitu kingine chochote kilichozikwa ardhini: halina pampu, halina moyo, lina mteremko tu. Wahandisi hulilaza kwa namna ambayo majitaka yapite kwa mwendo usiopungua takribani sentimita 60 kwa sekunde, kwa sababu chini ya mwendo huo mchanga na kinyesi hutuama, na juu sana ya mwendo unaofaa kuta za bomba huanza kulika. Likiinama kidogo mno, huziba. Likiinama mno, huzama haraka ardhini na gharama ya kulichimbia hupanda kila mita. Mabomba makuu yanayokusanya majitaka ya jiji zima yamelazwa kwenye mabonde ya mito, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa chini kuliko pote, na kwa hiyo bomba likipasuka au kifuniko cha shimo lake la ukaguzi kikiibwa, kilichomo hakina safari ndefu ya kufika mtoni. Karibu na Dandora, upande wa Maili Saba, wakulima wamewahi kuyaziba mabomba hayo makusudi ili majitaka yapande na kufurika kwenye mashamba yao ya sukuma wiki, nduma na nyasi za ng'ombe. Wakulima hao wameielewa fizikia kikamilifu: maji yakizuiwa chini, uso wake hupanda juu mpaka upate mlango mwingine. Kwamba maji waliyoweza kuyapata kwa urahisi zaidi ni hayo, ni jambo la kusikitisha.

Maji safi nayo hushuka. Bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huenda kwenye mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu na kisha kwenye matangi makubwa ya Gigiri kwa mteremko, bila kusukumwa na injini. Kila mita 10 za kimo cha maji ndani ya bomba huzaa shinikizo, yaani ile inayoitwa presha mtaani, linalokaribia lile la angahewa kwenye usawa wa bahari. Kwa hesabu ya kimo peke yake, Kayole, iliyo chini sana, ingekuwa na presha kali kuliko mtaa wowote wa vilimani, na mfereji wake ungepaswa kupiga kelele unapofunguliwa.

Mifereji ya Kayole mara nyingi haipigi kelele. Maji yaliyosimama ndani ya bomba ndiyo yanayobeba shinikizo lote la kimo. Yanapoanza kwenda, msuguano na kuta za bomba hula shinikizo hilo hatua kwa hatua, na hula zaidi kadiri bomba linavyokuwa refu, jembamba, lenye kutu na lenye wanywaji wengi njiani. Mtaa ulio mwisho wa bomba hupokea kilichobaki. Juu ya hayo kuna mgao wa maji, kwa kuwa kinacholetwa jijini hakitoshi, na mgao huendeshwa kwa valvu: mkono wa mtu hufunga na kufungua kwa zamu. Hapa ndipo tofauti kati ya aina mbili za maji ya Eastlands inapodhihirika. Majitaka na gharika huja kwa mitaro na mito isiyo na valvu, saa zote, yote. Maji safi huja kwa bomba lenye valvu nyingi, baadhi ya siku, kidogo. Mteremko ni uleule.

Siku za ukame wa mfereji, mikokoteni hujaa barabarani ikiwa na mitungi ya rangi ya manjano, na safari ya maji hugeuka kuelekea juu. Katika majumba marefu ya mtaa wa Pipeline na ya Kayole, yenye orofa sita, saba, hata zaidi, mwenye ploti aliyejiweza huweka tangi la chini, pampu, na tangi jeusi la plastiki juu ya dari, ili mvutano ufanye tena kazi yake ndani ya jengo. Pampu huwekwa chini na si juu, na sababu yake ni ya kuvutia: pampu inayonyonya haiyavuti maji kwa kweli, bali huondoa hewa, na angahewa ndiyo inayoyasukuma maji yapande, na kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, haiwezi kuyasukuma zaidi ya takribani mita 8.5, hata pampu ikiwa kamilifu. Pampu zinazounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani ni hatari kwa wote, kwa sababu shinikizo ndani ya bomba likishuka chini ya lile la nje, bomba huanza kunyonya kupitia kila ufa, na mabomba mengi ya plastiki ya Eastlands yamelazwa ndani ya mitaro ileile ya majitaka.

Jengo lisilo na pampu hutegemea miguu. Mwanamke anayepanda orofa ya nne juu ya ile ya chini akiwa na mtungi uliojaa huinua kilo 20 kwa takribani mita 12, na pamoja nazo huinua mwili wake mwenyewe, ngazi baada ya ngazi. Kwenye ngazi ya jengo moja la Kayole, zege la kila kidato limelika katikati na kung'aa kwa unyevu, na kwenye sakafu ya kila kituo kuna alama ya matope ya kitako cha mtungi, mahali ambapo mikono imebadilishana. Alama ni hafifu kwenye orofa ya kwanza, na kila unapopanda zinakuwa nyingi na kukolea.

Baada ya Kayole nchi hufunguka. Karibu na Njiru, Mto Ngong, uliopita bwawa la Nairobi, viwanda na Mukuru, unaingia katika Mto Nairobi, na kutoka hapo ni mto mmoja mpana kidogo, wenye povu jeupe kila unapoangukia mwamba. Upande wa Ruai yamechimbwa mabwawa ambako sehemu kubwa ya majitaka ya jiji huishia, yakiwa yamejengwa kwa uwezo wa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Yaliwekwa huko kwa sababu ndiko chini. Majitaka huingia kwanza kwenye mabwawa yenye kina, yasiyo na hewa, ambako bakteria huvunjavunja uchafu mzito. Kisha hupita kwenye mabwawa mapana ambayo hewa na miani huyafanyia kazi upande wa juu. Na mwishoni hukaa kwenye mabwawa ya kina kifupi ambako jua huua vijidudu. Kati ya bwawa moja na jingine pana kimo kidogo tu, na kimo hicho kinatosha kuyahamisha maji yote ya mamilioni ya watu bila mlio wa mashine. Kwenye bwawa la mwisho bata-maji na yangeyange hutembea ukingoni kana kwamba ni ziwa la asili.

Maji yanayotoka hapo huingia mtoni, na mto huenda kuungana na Athi, huporomoka kwenye Maporomoko Kumi na Manne karibu na Ol Donyo Sabuk, hupata jina la Galana na kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Si yote yanayofika. Chini kidogo ya Ruai, wakulima wametega pampu ndogo za petroli kwenye ukingo, na mipira yao hupanda mita tatu au nne hadi kwenye matuta ya nyanya, mchicha na sukuma wiki. Alfajiri mboga hizo hufungwa kwa mafungu, zikiwa bado zinachuruzika maji, hupakiwa kwenye lori, na lori hubadilisha gia kwenye mpando wa kurudi jijini, kuelekea masoko ya juu.